Turubai la foili kwa kambi ya Julai Chenene: upande upi ukae ndani, na maji yanayodondoka yanatoka wapi?

Mlezi_Chamwino

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Tunapeleka vijana 14 wa skauti vilima vya Chenene, usiku mbili, katikati ya Julai. Kibali kipo, maji yapo, usafiri upo. Kinachonisumbua ni malazi. Mahema kwa kundi lote hatuyawezi, kwa hiyo tumefikiria maturubai yenye upande wa fedha, yale yanayosemekana yanarudisha joto la mwili.

Madukani nimeonyeshwa aina tatu. Kuna jembamba linalokunjwa likaingia mfuko wa shati. Kuna zito kiasi, upande mmoja fedha na mwingine mwekundu, lina wavu wa nyuzi ndani na matundu ya chuma kwenye kona. Halafu kuna haya makubwa ya kawaida, rangi ya fedha pande zote mbili, bei yake nafuu kuliko yote.

Ninachotaka kujua: lipi linafaa, upande wa fedha uangalie juu au chini, na kwa nini watu wanalalamika kwamba asubuhi wanaamka wamelowa ilhali mvua haikunyesha. Pia tukirudi tungependa kuyatunza kwa dharura za masika, kwa hiyo mwenye kujua matumizi yake upande huo naye asisite.

Foili_na_Bati

Mkuu Mlezi, jibu la upande linategemea umenunua nini, kwa hiyo tuanzie hapo.

Lile jembamba ni plastiki ya polista, karibu mikroni 12, iliyopakwa utando wa alumini. Alumini iliyo wazi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto inayoifikia. Kwa kazi hiyo hakuna linaloishinda kati ya hayo matatu. Kwa uimara ndilo la mwisho: mwiba wa mgunga ukilitoboa karibu na ukingo, upepo ukilivuta kidogo tu mpasuko unakimbia hadi upande wa pili. Usilifanye paa. Kazi yake ni kuwekwa chini ya paa jingine, au kumfunika mtu.

Lenye wavu ndani limejengwa kwa matabaka: plastiki angavu juu, alumini chini yake, kisha wavu wa nyuzi, kisha plastiki ya rangi. Ni imara na halipitishi upepo wala maji. Lakini angalia, alumini yake imefunikwa. Jicho linaiona ikimetameta kwa sababu mwanga unapita kwenye plastiki bila shida, ila mionzi ya joto la mwili haipiti vizuri hivyo. Plastiki inaifyonza sehemu yake na kuitoa upande wa pili. Kwa hiyo linarudisha joto, ila pungufu ya unavyodhani ukilitazama. Mengi yana ukubwa wa kama mita 1.5 kwa 2.1, yaani ni la mtu mmoja.

Yale makubwa ya bei nafuu ni plastiki iliyofumwa, ikachanganywa na unga wa alumini ili ipate rangi. Muuzaji akikwambia yanapunguza ukali wa jua yuko sahihi. Akikwambia yanarudisha joto la mwili usiku, hapo hapana, tofauti yake na turubai la bluu ni ndogo sana. Hata hivyo kwako ndiyo yawe paa, kwa sababu ya ukubwa na uimara.

Aina ya nne hukuionyeshwa: foili ya viputo vya hewa, ile inayotandazwa chini ya mabati ya nyumba. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, inakatwa kwa mita kutoka kwenye roli. Ni unene wa kama milimita 4, foili pande mbili, viputo katikati. Hii ndiyo ningekushauri uning'inize chini ya turubai.

Kutambua kama alumini iko wazi au imefunikwa, chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye alama ya mlio, gusisha ncha zote mbili kwenye uso wa fedha zikiwa zimeachana sentimita 5 hivi. Ikilia, metali iko wazi. Ikikaa kimya, imefunikwa au ni rangi tu. Usichokoe kwa nguvu maana ncha zitatoboa utando na kukupa jibu la uongo. Ukikosa mita, sogeza uso huo karibu na shavu bila kuugusa, nafasi ya vidole viwili, mahali pasipo na upepo. Foili ya kweli utaisikia vuguvugu ndani ya sekunde chache, na joto hilo ni la shavu lako mwenyewe linalorudi.

Sasa suala la upande. Foili inazuia mionzi, haizuii joto linalopita kwa kugusana. Ikigusa ngozi, nguo au ardhi, joto linapita kama kwenye karatasi yoyote. Lazima kuwe na nafasi ya hewa, angalau sentimita 2, kwenye upande wa fedha. Ndiyo maana kuitandika chini na kulalia juu yake hakusaidii inavyodhaniwa. Usiku, upande wa fedha uangalie chini, kwa watu. Mchana wa jua kali, uangalie juu. Ukiwa huwezi kugeuza, acha uangalie chini muda wote: turubai litachemka kwa jua, lakini uso wa foili hautoi mionzi mingi kwenda kwa waliokaa chini, na vumbi halitatua juu yake. Vumbi ni jambo kubwa kwetu huku. Foili iliyopakwa vumbi jekundu la Dodoma inaanza kufanya kazi kama turubai la kawaida.

Kamba_Manila

Nimesoma ya hapo juu, nakubaliana nayo. Niongezee kuhusu maji na upepo, kwa sababu Julai upepo ndio adui kuliko baridi yenyewe. Dodoma mjini usiku wa mwezi huo hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na juu vilimani panazidi kuwa baridi. Nyuzi 13 pasipo upepo mtu mwenye blanketi moja zuri analala. Nyuzi hizo hizo upepo ukipita chini ya turubai, halali.

Maji yanayodondoka ni ya kwenu wenyewe. Mtu mmoja kwa kupumua na kwa ngozi hutoa kama theluthi moja ya lita kwa usiku wenye urefu wa saa nane. Watano chini ya turubai moja, hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu. Plastiki haipitishi mvuke. Julai anga letu ni jeupe halina wingu, turubai linatoa joto lake kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke ukiligusa unageuka matone. Ukifunga pande zote ili kuzuia upepo, ndiyo umemaliza kabisa.

Kwa hiyo usijenge kibanda kilichofungwa mbele na nyuma. Jenga cha mteremko mmoja, mgongo chini, mbele wazi. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki, basi mgongo uelekee huko na mdomo wa kibanda uangalie magharibi. Fika mapema uuhakikishe upepo hapo hapo, kwani vilima vinaugeuza.

Vipimo vyake: turubai la mita 3 kwa 4, upande wa mita 4 ndio uwe urefu wa kibanda. Mbele inua mita 1.5. Mteremko wa mita 3 ukishuka kutoka mita 1.5 hadi ardhini unakupa kina cha sakafu cha mita 2.6 na mwinuko wa nyuzi 30. Usiushushe chini ya hapo. Mteremko ukiwa mkali, tone linatambaa kwenye plastiki hadi nyuma. Mteremko ukiwa wa kulala, tone linamdondokea mtu usoni. Ukingo wa nyuma ubanwe ardhini kwa mawe na matawi makavu, mdomo ulio wazi unatosha kutoa mvuke.

Foili ining'inie chini ya turubai kwa nafasi ya sentimita 5 hadi 10, isilaliane nalo. Pitisha kamba mbili nyembamba toka mlingoti hadi mlingoti, moja karibu na juu na nyingine katikati ya mteremko, utandaze foili juu ya kamba hizo na ubane kwa vibanio vya nguo. Vipande vikiwa viwili, cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 10 kama mabati ya nyumba, matone yasipate mlango. Hapo unapata faida mbili: foili haipozwi moja kwa moja na anga, kwa hiyo haitoi matone mengi, na machache yatakayotokea kwenye turubai yanapokelewa na foili na kuteremkia nyuma.

Kuhusu upepo, hesabu ni hii. Shinikizo la upepo kwa paskali ni karibu 0.6 mara kasi mara kasi, kasi ikiwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa, unatoa paskali 60. Turubai la mita za mraba 12 likiukabili uso kwa uso linasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 73 hivi. Kasi ikifika mita 15, ni kilo 165. Mteremko unapunguza kiasi, lakini ndipo unaona kwa nini matundu manne ya kona yanang'oka.

Usitegemee matundu peke yake. Chukua kokoto laini ya ukubwa wa ndimu, iweke upande wa ndani wa turubai sentimita 15 kutoka ukingoni, ifunge kwa nje kwa kamba ukizungusha mara tatu, kisha vuta kutokea hapo. Nguvu inagawanyika kwenye turubai badala ya kukaa kwenye tundu moja. Na kila kamba ya kuvuta, katikati yake weka kipande cha tyubu ya baiskeli cha sentimita 30. Dhoruba ikipiga, mpira unanyooka na kurudi, turubai halipigwi mshtuko. Kinachochana maturubai ni ule mpigo wa ghafla, kamba ikiwa imelegea halafu ikakazwa kwa nguvu moja. Kwa hiyo kagua na kukaza kamba kabla ya kulala: ya nailoni hurefuka ikilowa umande, na ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka.

Kituo_cha_Moto

Naweka mambo matatu ambayo nisingependa yapite, maana ni watoto hao.

Jiko la mkaa lisiingie chini ya turubai, hata likiwa limebaki majivu yenye joto, hata mbele pakiwa wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Foili na plastiki hazipitishi hewa kabisa, kwa hiyo hatari ni kubwa kuliko kwenye kibanda cha nyasi.

Moto wa kuni uwe mita 2 kutoka mdomo wa kibanda, si karibu zaidi. Plastiki ya maturubai huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 130 na matone yake yanaunguza ngozi na kuganda hapo hapo. Cheche tu zinatoboa. Joto la moto ulio mita 2 likiingia kwenye kibanda cha foili linarudi kwa waliolala, huna haja ya kuusogeza. Fyeka nyasi kwa mita 3 kuzunguka moto, weka ndoo mbili za mchanga na moja ya maji, na awepo wa zamu. Julai nyasi za Chenene ni kavu. Ukiona upepo unabeba cheche, uzime moto mle chakula baridi.

La tatu, foili ni metali. Usitundike chini ya nyaya za umeme, usitupie kamba juu ya nguzo. Na msimu wa mvua radi zikianza, turubai halikukingi. Toka chini ya mbuyu uliosimama peke yake, ingia kwenye gari lenye bodi ya chuma au nyumba imara.

Huduma_Kwanza_Dom

Mlezi umeuliza pia kuhusu dharura za masika. Huko matumizi yanabadilika, na makosa yake yanaumiza watu.

Mtu aliyeokolewa kwenye maji, ya korongo au ya mafuriko, akiwa amelowa na anatetemeka: foili peke yake haimpi joto. Inazuia lisitoke, basi. Aliyekwisha kupoa sana hana joto la kutosha la kurudishiwa. Utaratibu ni kumtoa kwenye upepo, kumvua nguo zote zilizolowa, kumkausha, kumlaza juu ya kitu kinachomtenga na ardhi, kumvika nguo kavu au kumzungushia blanketi, kichwa kikiwemo na uso ukiachwa wazi, halafu foili ije nje ya vyote. Nje ndiko mahali pake, kwa sababu inazuia upepo na kuzuia unyevu. Ukiizungushia nguo zilizolowa, umemfungia maji mwilini.

Joto alipewe. Chupa za maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, zikiwa zimezungushiwa kitambaa, ziwekwe kwapani na kifuani. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuingia naye chini ya blanketi. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, apewe chai ya sukari. Pombe hapana. Kumsugua mikono na miguu hapana. Akiwa alikuwa anatetemeka halafu ameacha, anaongea ovyo au anasinzia, hajapona, hali imezidi. Piga 112 au mpeleke kituo cha afya akiwa amelala, bila kurushwarushwa. Wa zimamoto na uokoaji ni 114.

Kichanga awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yao wote wawili na foili juu ya blanketi. Kamwe foili isimkaribie usoni. Inavutwa na pumzi na kuziba pua.

Aliyezidiwa na joto ni kinyume chake kabisa. Yule wa Oktoba au Novemba aliyeanguka shambani au barabarani, ngozi inachoma, amechanganyikiwa: usimfunike foili hata kidogo. Mtundikie juu kama kivuli, fedha iangalie jua, pande zote wazi, mmwagie maji na kumpepea.

Kumbuka maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua, matope, baridi ya chini ya mlima, watu wametoka walivyo. Katika hali hiyo kinachotakiwa ndani ya saa ya kwanza ni kitu kikavu mwilini na kitu cha kuzuia upepo. Kwenye begi la dharura la nyumba weka foili nyembamba moja kwa kila mtu, na moja yenye wavu kwa kila wawili, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na blanketi. Foili bila blanketi ni nusu ya kifaa.

Na kambi isikae kwenye korongo, hata likiwa kavu na lina mchanga laini unaovutia kulala. Masika maji hushuka kutoka mvua iliyonyesha mbali ambako hamkusikia hata ngurumo.

Mlezi_Chamwino

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa kwa nini lile la bei nafuu liwe paa na foili iwe chini yake. Sasa naomba hesabu ya vitu vya kununua. Vijana 14, watu wazima tuna hema letu. Ardhi tuliyoonyeshwa ni ngumu, udongo mwekundu uliokauka, vigingi vya mbao sidhani kama vitaingia. Na chini watandike nini? Magodoro hatuna.

Kamba_Manila

Mtu mmoja hesabu sentimita 60 za upana. Kibanda cha urefu wa mita 4 kinalaza sita kwa kubanana, ila acha nafasi ya mabegi. Chukua maturubai matatu ya mita 3 kwa 4: watano, watano, wanne.

Vigingi tengeneza vya nondo ya milimita 10. Nondo moja ya mita 12 ukiikata sentimita 40 unapata 30. Kila kibanda kinataka 8, jumla 24, zinabaki 6 za akiba. Nondo nzima ya mita 12 ina kama kilo 7.4, gari linabeba bila shida. Fundi akunje sentimita 5 za juu kuwa ndoano na achonge ncha. Vipigiliwe vikiegemea upande wa nje, mbali na turubai, ili kamba na kigingi vikutane kwa pembe mraba. Udongo mkavu ukigoma kabisa, mwagia nusu lita ya maji kila shimo usubiri robo saa. Ukikuta mchanga, kigingi hakitashika: jaza kiroba mchanga, kifunge kamba katikati, kizike kwa kina cha sentimita 40 ukishindilia juu. Ndoano za nondo zivalishwe kopo au kitambaa cheupe, watoto hujikwaa usiku.

Milingoti ni mirunda miwili kwa kila kibanda, mita 1.7 kila mmoja, sentimita 20 ziingie ardhini. Inunueni mjini, msikate miti ya hifadhi. Kamba ya juu iwe ya manila ya milimita 8, mita 10 kwa kibanda, ianzie kwenye kigingi kimoja ubavuni, nje ya mlingoti wa kwanza, izunguke vichwa vya milingoti yote miwili na kuishia kigingi cha upande wa pili. Kila mlingoti uongezewe kamba moja ya kuuvuta mbele, vinginevyo turubai linauangusha nyuma. Hivyo vimekwisha vigingi vinne, vinne vilivyobaki ni vya ukingo wa nyuma. Kamba za kuvuta na za ndani nyembamba ziwe mita 20 kwa kibanda. Tyubu kuukuu mbili za baiskeli zinatosha vibanda vyote.

Foili ya viputo ikiwa na upana wa mita 1.2, vipande viwili vya mita 4 kwa kila kibanda, yaani mita 24 kwa vyote. Havifuniki mteremko mzima, vinafika mita 2.3 baada ya kulaliana, na ndiyo sehemu iliyo juu ya watu. Karibu na ardhi huko nyuma mabegi yanaziba.

Chini ndiko kwenye mambo. Ardhi inanyonya joto usiku kucha na hakuna foili itakayokuokoa. Viroba vya kilo 50 vilivyooshwa, vitatu kwa kila kijana, vijazwe nyasi kavu mpaka viwe na unene wa sentimita 15. Akilala vinabaki kama 5. Kung'uta nyasi vizuri juani kabla ya kujaza, kupe na nge hupenda humo. Mkijaza mjini mkapakia, bora zaidi. Juu ya viroba tandika boksi lililofunguliwa na mkeka. Ikiwa nafasi ya gari ni ndogo, maboksi matabaka manne na mkeka, si pazuri hivyo lakini wanalala. Kila kijana awe na blanketi lake, soksi kavu na kofia.

Foili_na_Bati

Mlezi, nimalizie na utunzaji, maana umesema mtayaweka hadi masika.

Msikunje foili kwa mikunjo ya kudumu. Alumini hudondoka kwenye mstari wa mkunjo na humo ndimo mpasuko unaanzia. Viringisha kwenye bomba la plastiki au mrunda laini. Kabla ya kuviringisha, ikauke kabisa pande zote. Utando wa alumini ni mwembamba kiasi kwamba unyevu uliofungiwa ndani unauharibu. Utaona madoa ambayo mwanga unapita, hapo kazi yake imekwisha.

Kuosha ni maji na kitambaa laini, sabuni kidogo ya kuogea ikibidi. Majivu hapana, na soda ya kufulia hapana. Vyote viwili vinakula alumini, na wasaidizi wakizoea kusugulia sufuria majivu watafikiri wanakutendea wema, kwa hiyo waambie mapema. Steelwool nayo isiguse.

Matundu ya miiba zibeni mkiwa bado kambini. Pangusa kwa spiriti, subiri ikauke, bandika tepu ya alumini wanayotumia mafundi friji kwenye foili, na tepu ya kitambaa kwenye turubai la juu, pande zote mbili, kona za kiraka zikatwe mviringo zisibanduke.

Turubai la plastiki msiliache juani kama kivuli cha kudumu kwenye eneo la chama. Jua letu linalimaliza kwa miezi, nyuzi zinaanza kuvunjika ukizisugua kwa kidole, na siku ya dharura litachanika mikononi. Stoo iwe kavu, juu ya rafu, panya wasifike. Mwezi Novemba kabla mvua hazijaanza, yafungueni yote mahali penye kivuli, mtu mmoja aingie chini atazame juu kuelekea mwanga: kila tundu litaonekana.

Na mkiyatumia kukinga maji ya mvua, turubai moja la mita za mraba 12 kwa mvua ya milimita 5 linawapa hadi lita 60. Maji ya kwanza yamwagwe, yanayofuata yachemshwe. Hakikisheni mteremko unaelekea upande mmoja: maji yakituama katikati kwa kina cha sentimita 10 kwenye eneo la mita moja ya mraba, huo ni uzito wa kilo 100 juu ya vichwa vya watu. Usiku wa mvua awepo wa zamu wa kusukuma juu kwa fimbo yenye ncha iliyofungwa kitambaa.